GEGO LA MWISHO: Namna Linavyoumiza, Linavyong'olewa, na Jinsi Mgonjwa Apasavyo Kujitunza

Yako maumivu machache yanayoweza kumkesha mtu mzima usiku kucha kama maumivu ya gego la mwisho. Kijana mwenye nguvu za kulima au za kubeba magunia hukaa kitako ameshika shavu, asiweze kutafuna wala kufumbua kinywa. Wengi huvumilia kwa majuma mengi, wakitia karafuu, wakisukutua maji ya chumvi, na kutumaini ya kuwa yatapita. Mara nyingi hupita kweli. Lakini baada ya miezi michache hurudi, na safari hiyo huja kwa ukali zaidi.

Jambo kubwa linalowazuia watu kwenda kwa daktari wa meno ni hofu. Huogopa sindano, huogopa koleo, tena huogopa maneno waliyosikia barazani au sokoni, ya kuwa mtu aking'olewa jino la juu atapofuka, au ya kuwa jino kubwa likitoka damu haikatiki. Somo hili laeleza kwa utaratibu kazi yote ya kung'oa gego la mwisho, tangu mwanzo hata mwisho, ili watu wajue la kuogopwa ni lipi na lisilo la kuogopwa ni lipi. Neno lililo kubwa kuliko yote ni hili: hatari ya kukaa na gego lililooza au kuvimba ni kubwa kuliko hatari ya kuling'oa, na nusu ya kazi ya kupona imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, akisha kurudi nyumbani.

MENO THELATHINI NA MAWILI

Mtu mzima ambaye meno yake yote yametimia huwa na meno 32, yaani 16 katika taya la juu na 16 katika taya la chini. Meno ya mbele ni ya kukatia chakula. Yanayofuata ni machonge, nayo ni ya kurarulia. Na ya nyuma ni magego, ambayo kazi yake ni kusaga. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akipata miaka 6 hivi, na la pili akipata miaka 12 hivi. La tatu ndilo la mwisho. Hilo huchelewa mno. Kwa kawaida huota mtu akiwa na umri wa kati ya miaka 17 na 25, akiwa amekwisha kupata akili za utu uzima. Kwa sababu hiyo Wazungu huliita jino la hekima. Magego hayo ni manne, moja katika kila pembe ya kinywa. Wako watu wasioota yote manne, na wako wasioota hata moja. Huo si ugonjwa.

Shida ya gego la mwisho ni nafasi. Lifikapo, mahali pote pamekwisha kushikwa na meno mengine, kama msafiri anayefika stesheni na kukuta mabenchi yote ya gari yamejaa. Kama taya ni refu, gego huota wima, likasaga chakula kama wenzake, na mwenyewe hana habari nalo. Kama taya ni fupi, gego hukwama. Pengine hutoka nusu tu, nusu ya pili ikabaki chini ya ufizi. Pengine hulala ubavu, kichwa chake kikaegemea jino jirani. Pengine hubaki lote ndani ya mfupa, lisionekane milele isipokuwa kwa picha ya eksirei.

UBAYA UNAVYOANZA

Gego lililotoka nusu huwa limefunikwa na kipande cha ufizi kama kofia. Chini ya kofia hiyo makombo ya chakula huingia, wala mswaki hauwezi kuyafikia. Vijidudu vya kinywani huzaana humo. Ufizi huvimba, hutoa usaha na harufu mbaya. Na kila mgonjwa anapofumba kinywa, gego la juu huuponda ufizi ule uliovimba. Baada ya siku mbili tatu taya hukaza, kumeza mate huwa taabu, matezi ya shingoni huvimba, na homa huja.

Ubaya wa pili ni kuoza. Mahali gego lililolala linapogusana na jino jirani, chakula hukaa na asidi inayotokana na sukari hula meno yote mawili. Basi mtu aliyechelewa huweza kupoteza meno mawili badala ya moja, na lile la pili ni gego jema ambalo lingalimsaidia hata uzee. Hapa ndipo pa kukumbuka ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ubaya wa tatu ndio mkubwa kupita yote, nao ni kuenea kwa usaha. Mizizi ya magego ya chini imeshuka sana ndani ya taya, karibu na nyama laini iliyo chini ya ulimi na shingoni. Usaha ukipenya huko hauna ukuta wa kuuzuia. Mwaka 1836 daktari mmoja wa Stuttgart katika Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliandika habari za wagonjwa waliovimba chini ya kidevu na shingoni kwa namna hii, na hata leo ugonjwa huo waitwa kwa jina lake. Ulimi huinuliwa juu na kusukumwa nyuma, njia ya pumzi hubanwa, na mgonjwa huweza kufa kwa kukosa hewa. Mwanzo wake, mara nyingi, ni gego bovu tu la chini lililodharauliwa.

Kwa hiyo mtu mwenye maumivu ya gego akiona dalili yo yote katika hizi, asingoje asubuhi wala siku ya soko, bali apelekwe hospitali mara moja:

1. Uvimbe umeshuka chini ya kidevu au shingoni, au umepanda hata jicho linafumba.
2. Hawezi kumeza mate yake, nayo yanamtoka kinywani.
3. Sauti yake imebadilika, au ulimi umeinuka.
4. Anapumua kwa shida, au hawezi kulala chali.
5. Ana homa kali pamoja na kutetemeka.

SI KILA GEGO LA KUNG'OLEWA

Yafaa kujua pia ya kuwa daktari mwema hang'oi gego kwa kuwa lipo tu. Zamani katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani magego ya mwisho yalikuwa yakitolewa kwa vijana hata kama hayajawaumiza. Mwaka 2000 taasisi ya Uingereza inayowapa madaktari wa huko mwongozo wa tiba ilisema ya kuwa gego lililokwama lakini halina ugonjwa lisitolewe, kwa maana kila upasuaji una hatari yake hata kama ni ndogo.

Kama ufizi umevimba mara ya kwanza tu, daktari huweza kuosha chini ya ile kofia, akampa mgonjwa dawa ya maumivu, na kumwagiza asukutue maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Dawa za kuua vijidudu, kama penisilini, hutolewa iwapo kuna homa au uvimbe unaenea. Si za kununuliwa dukani kidonge kimoja kimoja, kwa kuwa dawa isiyotimizwa huwafunza vijidudu kuizoea. Lakini gego likioza sana, au ufizi ukivimba tena na tena, au jino jirani likianza kuharibika, basi shauri lililo jema ni kuling'oa.

KWA NINI ISIWE KAZI YA MTU YE YOTE

Kung'oa meno si jambo geni katika nchi ya Kenya. Wazee wa Kijaluo walikuwa wakiwatoa vijana meno sita ya mbele ya taya la chini, na Wamasai meno mawili ya katikati, kwa desturi zao. Waliofanya kazi hiyo walikuwa na mazoea ya mkono. Lakini jino la mbele lina mzizi mmoja, mfupi na ulionyooka, tena liko mahali panapoonekana. Gego la mwisho la chini lina mizizi miwili au zaidi, mara nyingi imepinda kama ndoana, nalo liko nyuma kabisa mahali penye giza. Chini yake, ndani ya mfupa, hupita neva, yaani mshipa wa fahamu, unaoupa mdomo wa chini hisia. Mtu akilivuta kwa nguvu bila kujua mizizi imekaaje, huweza kulivunja jino na kuacha vipande ndani, kuvunja taya, au kuujeruhi mshipa huo.

Tena kuna hatari isiyoonekana kwa macho. Koleo lililotumiwa kwa mtu mmoja na kufutwa kwa kitambaa laweza kumpa mtu wa pili ugonjwa wa ini au virusi vya Ukimwi. Katika hospitali vyombo huoshwa, kisha hutiwa katika mtungi wa mvuke wenye joto la digrii 121 au zaidi, yaani kupita joto la maji yanayochemka. Na sindano ni mpya kwa kila mgonjwa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama vyombo vimesafishwa hivyo, wala daktari mwema hachukizwi na swali hilo.

Dawa za nyumbani nazo zina mpaka wake. Karafuu, ambayo Unguja na Pemba zimepata sifa kwayo, ina mafuta yanayotia ganzi kidogo. Huyapunguza maumivu, lakini haiondoi uozo wala usaha. Kidonge cha aspirini kikiwekwa juu ya ufizi huuchoma. Dawa hiyo ni ya kumezwa. Mafuta ya taa na maji ya betri yasitiwe kinywani kamwe. Huunguza nyama na kumletea mtu sumu.

GANZI ILIVYOPATIKANA

Mtu anayeogopa kiti cha daktari wa meno afikiri kwanza hali ya wagonjwa wa zamani. Kwa karne nyingi jino lilivutwa mtu akiwa na fahamu zake zote, ameshikwa na watu wawili au watatu.

Mabadiliko makubwa yalianzia kwa daktari wa meno mmoja, tena kwa jino lake mwenyewe. Tarehe 10 Desemba 1844, katika mji wa Hartford huko Marekani, Horace Wells alikwenda kutazama maonyesho ya gesi iliyowafanya watu wacheke na kurukaruka. Akaona mtu mmoja aliyevuta gesi hiyo amejiumiza mguu, naye hana habari ya maumivu. Siku ya pili yake Wells akaketi, akavuta gesi ile, na mwenzake aitwaye John Riggs akamng'oa gego la mwisho. Wells alipozindukana aliona ya kuwa hakusikia uchungu. Mwanzoni mwa mwaka 1845 alijaribu kuwaonyesha watu wa Boston, lakini mgonjwa alilia kabla jino halijatoka, na watazamaji wakamdhihaki Wells. Hata hivyo njia ilikwisha funguliwa: mwaka 1846, katika mji ule ule, William Morton alitumia dawa ya etha katika upasuaji, na wote wakasadiki.

Lakini gesi na etha hulaza mwili mzima. Kilichohitajiwa ni dawa ya kutia ganzi mahali pamoja tu. Katika mwaka 1884 madaktari walianza kutumia kokeini kwa sindano kuzima neva ya taya; ilifanya kazi, lakini ni dawa ya kulevya, na baadhi ya madaktari wenyewe wakawa watumwa wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Alfred Einhorn alitengeneza prokeini, isiyolevya. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lignokeini, yenye nguvu na salama zaidi. Hiyo ndiyo inayotumiwa hata leo katika hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki.

SIKU YA KUNG'OLEWA

Mgonjwa atakayechomwa sindano ya ganzi tu, asiyelazwa usingizi, na ale chakula chake kwanza, apige na mswaki; mwenye njaa na hofu huzimia upesi. Atakayelazwa usingizi huambiwa asile kwa saa kadhaa, naye hana budi kutii. Ni vema kwenda na ndugu au rafiki.

Kwanza daktari huuliza maswali, na mgonjwa asifiche neno. Apaswa kusema kama ana ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kisukari, selimundu, au ugonjwa wa ini. Kama anatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu au dawa nyingine za kila siku. Kama amepata kuvuja damu sana alipojikata. Kama yuko dawa inayomdhuru. Na mwanamke aseme kama ana mimba. Maswali hayo si ya udadisi. Kila moja huweza kubadili dawa atakayopewa au siku atakayong'olewa. Lakini mgonjwa asiache dawa zake za kila siku kwa shauri lake mwenyewe.

Kisha hupigwa picha ya eksirei. Miali hiyo iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, nayo humwonyesha daktari mizizi ilivyopinda na umbali wake kutoka kwenye neva ya taya.

Baadaye huja sindano. Mgonjwa husikia mchomo mdogo, na baada ya dakika chache mdomo na nusu ya ulimi huwa kama vimevimba, ingawa havikuvimba. Hiyo ni ganzi. Daktari hugusa ufizi kwa chombo chenye ncha apate kujua kama imeingia barabara. Usaha ukiwa mwingi ganzi huenda isishike vema. Ndiyo sababu pengine daktari hupendelea uvimbe utulizwe kwanza kwa dawa.

Hapa kuna jambo moja ambalo kila mgonjwa yafaa alijue mapema. Ganzi huondoa uchungu, lakini haiondoi hisia ya kusukumwa. Mgonjwa atasikia taya linasukumwa kwa nguvu, atasikia mlio wa mfupa karibu na sikio, na kama hakuelezwa atadhani ya kuwa mambo yameharibika. Hayajaharibika. Lakini akisikia uchungu mkali, ainue mkono. Daktari atasimama na kuongeza ganzi.

Kama gego limetoka lote, daktari huingiza chombo chembamba kama patasi kati ya jino na mfupa, akalilegeza pole pole, kisha akalishika kwa koleo na kulitikisa huku na huku mpaka litoke. Haling'oi kwa kulivuta kama msumari. Kazi hiyo huweza kuisha kwa dakika chache. Kama gego limelala ndani, daktari hupasua ufizi kidogo, huondoa mfupa mdogo kwa keekee inayonyunyiza maji, hulikata jino vipande viwili au vitatu, na kukitoa kila kipande peke yake. Kisha huosha shimo na kushona ufizi kwa nyuzi. Kazi hii huweza kuchukua nusu saa au zaidi.

Ama kuhusu upofu, hofu hiyo haina msingi. Neva ya meno ya juu na neva ya kuonea ni mbili mbalimbali, na kung'oa jino hakuikati ile ya jicho. Yamkini maneno hayo yametokana na watu waliochelewa hata uvimbe wa jino ukafika machoni. Walipopatwa na ubaya, lawama ikatupiwa kung'olewa badala ya kuchelewa. Iliyo hatari ya kweli, ingawa huwapata wachache, ni mdomo wa chini au ulimi kubaki na ganzi kwa majuma au miezi, wakati gego lilipokuwa karibu sana na neva. Walio wengi hupona. Kwa wachache sana ganzi haiondoki. Daktari hulieleza jambo hili kabla ya kuanza, na mgonjwa hutia sahihi ya kukubali.

DONGE LA DAMU NDILO DAWA

Jino likisha kutoka, shimo hujaa damu, na damu huganda kuwa donge. Donge hilo si uchafu. Ndilo kifuniko cha mfupa, na chini yake nyama mpya huota. Mgonjwa anayelilinda donge lake hupona. Anayeling'oa kwa uzembe hujiletea maumivu mapya. Mambo ya kufuata ni haya:

1. Auume kwa nguvu ya kiasi mkunjo wa shashi aliowekewa na daktari kwa muda wa dakika 30, bila kuutoa mara kwa mara kutazama. Mate yenye wekundu siku ya kwanza si kitu. Damu ikianza tena, akunje shashi au kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, akiume dakika 30 nyingine akiwa ameketi.

2. Kwa saa 24 za kwanza asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, wala asitie kidole au kijiti shimoni.

3. Asifyonze kitu. Anayekunywa soda kwa mrija, na mzee anayekunywa busaa kwa mrija mrefu pamoja na wenzake, wote wawili hulivuta donge litoke. Pombe yenyewe iachwe, kwa kuwa huchelewesha kupona na haipatani na dawa.

4. Asivute sigara kwa siku tatu kwa uchache. Moshi huharibu donge na kupunguza damu inayolisha kidonda. Ugoro na miraa pia viwekwe mbali mpaka ufizi ufunge.

5. Asile chakula cha moto wala kutafuna kitu mpaka ganzi iishe, yaani saa mbili hata nne au zaidi kidogo, asije akajiuma mdomo au ulimi bila kujua. Siku za kwanza ale uji uliopoa, viazi vilivyopondwa, ndizi, maziwa, mayai na supu isiyo moto, akitafuna kwa upande mwingine.

6. Siku ya kwanza aweke kitambaa kilicholoweshwa maji baridi juu ya shavu, dakika 15 kwa wakati. Uvimbe huongezeka hata siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Alale ameinua kichwa kwa mito, na kazi nzito iache kwa siku mbili tatu.

7. Baada ya saa 24 asukutue pole pole, kila baada ya kula, kwa glasi ya maji yenye uvuguvugu iliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Meno mengine ayapige mswaki kama kawaida.

8. Ameze dawa za maumivu kama alivyoagizwa. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 katika saa 24. Aspirini huzidisha kutoka damu. Kwa hiyo asiimeze kwa ajili ya maumivu haya. Anayeimeza kila siku kwa amri ya daktari wa moyo amwulize daktari.

Kama donge limetoka kabla ya wakati, mfupa hubaki wazi. Dalili yake yajulikana: siku mbili za kwanza mgonjwa ana nafuu, kisha kati ya siku ya pili na ya nne maumivu makali huanza, yakapanda hata sikioni, na kinywa hunuka. Hii huitwa tundu kavu. Si sababu ya kukata tamaa, wala si dalili ya kuwa daktari alikosea. Mgonjwa arudi, tundu litaoshwa na kutiwa dawa, na maumivu yatapungua.

Arudi upesi pia kama damu haikatiki baada ya kuuma shashi mara mbili, kama uvimbe waongezeka baada ya siku ya tatu, kama homa yapanda, kama usaha watoka, au kama hawezi kumeza. Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe. Nyingine hutolewa baada ya juma moja hivi. Ufizi hufunga kwa majuma machache, na mfupa hujaza shimo kwa miezi kadhaa.

Wahenga walisema ya kuwa jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa bahati njema, pengo la gego la mwisho haliombi jino la bandia. Halionekani, wala kutafuna hakupungui. Meno yaliyobaki ndiyo ya kutunzwa: kupigwa mswaki asubuhi na usiku kwa dawa ya meno yenye floraidi, kwa brashi au kwa kijiti cha mti wa mswaki kilichotafunwa vizuri, sukari ipunguzwe, na vijana wa miaka 17 hata 25 wafikishe brashi nyuma kabisa, mahali magego yale yanapoota.

MASWALI KWA WASOMAJI NA KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

1. Kwa nini gego la mwisho hukwama kuliko meno mengine?
2. Taja dalili tatu zinazoonyesha ya kuwa mgonjwa wa jino apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana.
3. Kuna tofauti gani kati ya uchungu na hisia ya kusukumwa wakati wa kung'olewa jino?
4. Donge la damu lina kazi gani, na ni mambo gani manne yanayoweza kuliharibu?
5. Jirani amevimba shavu kwa siku nne, naye asema ya kuwa akienda kwa daktari atapofuka. Mwenye kusoma somo hili atamjibu nini?